Tukienda Nyumbani

Juu ya nyumba yangu ya Kitengela palikuwa na nondo za chuma kumi na mbili zilizochomoza kutoka kwenye slabu ya zege, zimesimama wima, zimeshika kutu. Wengi wanaojenga huku huziacha hivyo. Maana yake ni kwamba nyumba haijaisha, kwamba mwenyewe anangoja siku atakayoongeza ghorofa ya pili. Ukisimama kando ya barabara ya Namanga ukatazama mitaa yetu, utaona nondo za namna hiyo kila mahali, kama shamba la mahindi lililovunwa likabaki mabua. Mimi nilikuwa nikizitazama zangu asubuhi nikitoka kwenda kazini, na moyoni nilijisifu. Nilijiona mtu anayefikiria mbele.

Sasa ni mzee, na nataka kueleza jinsi nilivyofikiria mbele, na ni nani aliyeumia kwa ajili hiyo.

Nilikuja huku kutoka magharibi nikiwa kijana mwenye cheti cha kidato cha nne na sanduku moja la mbao. Nilipata kazi ya karani wa mizani katika kiwanda cha saruji upande wa Athi River. Lori likiingia tupu nalipima, likitoka limejaa nalipima tena, naandika tofauti. Ilikuwa kazi ya kukaa, kazi safi kwa mahali penye vumbi kama pale, na niliifanya vizuri. Nilioa msichana wa kwetu, nikamleta huku, na baada ya kupanga chumba kwa miaka mingi tukanunua ploti Kitengela, wakati pundamilia bado walikuwa wakipita nyuma ya ua asubuhi wakitoka upande wa mbuga. Mke wangu alikuwa fundi wa kushona. Alikuwa na cherehani ya kukanyaga na kibanda karibu na soko, akishona sare za shule.

Kwa watu wa kwetu, mahali pa kazi si nyumbani. Unaweza kukaa hapo hadi nywele zikaota mvi, ukazaa watoto hapo, wakasoma na kuolewa wakitokea hapo, na bado ukiulizwa kwenu ni wapi utataja kijiji cha baba yako. Mwanamume asiye na nyumba kwao huchekwa akiwa hai, na akifa watu huulizana jeneza lake litalala wapi kabla ya kuzikwa. Hilo nilifundishwa nikiwa mtoto, na hata leo silikatai. Kosa langu halikuwa kujenga nyumbani. Kosa langu ni kwamba niliyatanguliza maisha yetu yote huko, sisi wenyewe tukabaki huku bila kitu cha kuishi.

Mke wangu hakuwa mtu wa kuomba makubwa. Mara ya kwanza aliomba kibaraza.

"Baba watoto, tuweke kibaraza hapa nyuma ya jikoni. Hata bati mbili na benchi. Nikitoka sokoni nikae nione hao wanyama."

"Tukienda nyumbani utakaa kwa veranda mpaka uchoke," nilimwambia.

Mwaka mwingine alitaka kupanda mti wa kivuli. Nilimuuliza mti wa nini kwa ploti ya kupita. Akataka sakafu ya jikoni ipigwe saruji upya kwa sababu ilikuwa imebomoka na alikuwa akijikwaa. Nami ndiye niliyekuwa nikipima malori ya saruji kutwa nzima! Nilimjibu vilevile: tukienda nyumbani. Baada ya muda aliacha kuomba. Nilidhani amenielewa.

Aliyenicheka waziwazi alikuwa jirani yetu, Mmaasai wa rika langu. Ardhi yote ile ya mtaa wetu ilikuwa malisho ya baba yake, na yeye alibakiza ng'ombe wachache upande wa nyuma. Alikuwa akituletea maziwa mwenyewe asubuhi, fimbo begani.

"Sopa, jirani," alinisalimu kwa Kimaasai.

"Ipa."

"Hizo vyuma ziko juu ya nyumba, ni za kushika radi?"

"Ni za ghorofa. Siku moja."

"Na hiyo ghorofa, utakaa wewe?"

"Hapana. Wakati huo nitakuwa nimeenda nyumbani. Itakuwa ya kupangisha."

Alijipiga paja akacheka mpaka mbwa wakabweka. "Watu wanasema sisi ndio wa kuhamahama. Lakini wewe, mtu wa magharibi, mla kuku, miaka hii yote hujawahi kushuka kwa lori iliyokuleta!"

Nilicheka pia. Mke wangu alikuwa akimimina maziwa kwenye sufuria. Yeye hakucheka.

Nimekuwa nikijiuliza niliona nini nilipofikiria siku za mbele, na nadhani naweza kueleza. Niliona picha moja tu. Nyumba kubwa ya matofali kwenye kilima kwetu, mabati mekundu, veranda, na viti viwili. Kwenye viti hivyo wameketi mzee na mke wake. Huyo mzee ana wakati. Ana subira. Anamsikiliza mke wake akisimulia habari ndefu za sokoni wala hatazami saa. Nilimpenda sana mzee huyo, na kila jambo jema nililoshindwa kulifanya nilimwachia yeye. Atampeleka mkewe matembezi. Atajifunza kunyamaza akikosolewa. Nilimpa kazi zote hizo kama mtu anayemwachia mwenzake wa zamu ya usiku lori lisilopimwa, huku najua kwamba sitakuwepo.

Lakini huyo wa zamu nyingine alikuwa mimi. Na jambo lingine ambalo sikuliona: katika picha ile niliongeza tu. Niliongeza vyumba, viti, miti ya matunda, wajukuu. Sikuwahi kupunguza. Mke aliyeketi kwenye kiti cha pili alikuwa na magoti mazima na macho mawili.

Macho yalianza na uzi. Mke wangu alikuwa akipitisha uzi kwenye tundu la sindano huku akizungumza na mteja, bila hata kutazama sana. Kisha nikasikia anawaomba wanafunzi waliokuja kupimwa sare wamsaidie. Nikamtania kwamba amekuwa bibi. Kisha akaanza kuogopa kuvuka barabara ya Namanga. Alikuwa akisimama ukingoni, mfuko mkononi, anageuza kichwa chote kushoto na kulia kama kuku anayetafuta mlango, na pikipiki zikimpita alishtuka kana kwamba zimetoka ardhini.

"Hiyo pikipiki ilikuwa wapi?" angeuliza.

"Ilikuwa mbele yako tu, mama. Acha woga."

Woga ndilo jina nililoupa ugonjwa wake.

Siku moja mwenyekiti wa akina mama wa kanisani alimpitishia karatasi kibandani. Alikuja nayo nyumbani akainyoosha mezani mbele yangu. "Hebu nisomee. Hawa watu wameandika herufi ndogo kama siafu."

Nilisoma. Madaktari wa macho wangekuja Kajiado mjini Jumamosi ya juma lile. Wangepima watu bure kutoka asubuhi hadi jioni, na mwenye shida angepewa dawa hapohapo. Kila mtu ajipeleke.

"Nataka kwenda," alisema. "Lakini peke yangu siwezi ile stendi ya Kajiado. Utanisindikiza?"

"Tutaona," nilisema.

Siku mbili kabla ya hapo, dereva mmoja tuliyezoeana kiwandani alikuwa ameniambia kwamba Ijumaa lori lake litapanda magharibi likiwa na nafasi. Nilikuwa na madirisha tayari kwa fundi wa kuchomelea pale Kitengela, ya chuma, ya vioo vikubwa, kwa ajili ya nyumba ya nyumbani. Yalikuwa yameningoja muda mrefu kwa kukosa usafiri. Na mafundi wa huko walihitaji mtu wa kuwapikia.

Ningeweza kusema ukweli. Ningemwambia, Jumamosi ni madirisha au ni macho, tuchague. Nilijua angenyamaza, na nilijua unyamavu wake ungenisumbua njia nzima. Kwa hiyo Alhamisi jioni niliingia ndani, nikavua viatu, nikasema: "Nimekutana na katibu wa kanisa pale stendi. Anasema ile kambi ya macho imeahirishwa."

"Imeahirishwa mpaka lini?"

"Watatangaza."

"Basi," alisema. Alikuwa amekwisha kupiga pasi gauni la kuendea, lile la kitambaa cha bluu alilojishonea mwenyewe. Alilitundika tena kwenye msumari.

Jumamosi hiyo, madaktari wakiwa Kajiado, mke wangu alikuwa mwendo wa siku nzima kutoka hapo, ameinama juu ya moto akisonga ugali wa mafundi. Alasiri dirisha la kwanza liliposimama nilimwita kwa furaha. "Njoo uone!" Alikuja akifuta mikono kwenye leso. Hakulitazama. Alinyoosha mkono akagusa kioo kwa ncha za vidole, taratibu, kutoka ukingo huu hadi ule. Nilidhani anakipenda.

Tuliporudi akina mama walimwambia kambi ilifanyika. Nilisema basi walibadilisha tena, hawa watu hawana mpango, wala usijali, mwaka ujao watarudi. Na niliamini hivyo. Hapo ndipo ninaposhindwa kujitetea. Sikumnyima macho kwa uchoyo, maana ilikuwa bure. Wala sikumnyima kwa kumchukia. Nilimnyima kwa kuamini kwamba mwaka ujao upo, umejaa nafasi, na ndani yake kila kitu kitakuwa kama kilivyo leo isipokuwa sisi tutakuwa na muda zaidi. Mwaka uliofuata hawakuja. Wala ule mwingine.

Mishono yake ilianza kwenda upogo. Mzazi mmoja alirudisha sketi ambayo pindo lake lilikuwa limepanda upande mmoja, akasema kwa adabu kwamba labda cherehani imechoka. Nilimwita fundi wa cherehani akaipaka mafuta. Mke wangu alishona muhula mmoja zaidi kisha akafunga kibanda. Mimi nikasema ni vizuri, apumzike, karibu tunaenda nyumbani.

Nilistaafu. Hapo ndipo nilipompeleka Kajiado, kwa sababu sasa nilikuwa na wakati, kama nilivyojiahidi. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimmulika macho, akamwekea kidevu kwenye chombo, akamwambia abonyeze kitufe kila akiona nukta ya mwanga. Nilikuwa nimekaa nyuma yake. Nukta zilikuwa zikiwaka, mimi naziona, na kidole chake hakikusogea.

"Hii ni presha ya macho," daktari alisema. "Haiumi. Inakula kidogo kidogo kutoka pembeni, mtu hajui mpaka iwe imefika katikati. Haya matone yatalinda kile kimebaki. Kile kimeenda, mama, hakirudi."

Mke wangu aliuliza kama mtu akija mapema inasaidia.

"Inasaidia sana."

"Ni makosa yangu, daktari," alisema. "Kulikuwa na kambi hapa mjini, zamani. Ikaahirishwa, na mimi nikakosa kufuatilia."

Kofia yangu ilikuwa magotini. Niliigeuza, nikaigeuza tena. Ningeweza kusema wakati ule. Maneno hayazidi matatu. Badala yake niliuliza matone yanatiwa mara ngapi kwa siku.

Mwanga wa macho yake ulipopungua, alijifunza nyumba yetu kwa miguu. Kutoka kitandani hadi mlangoni hatua sita. Mlango wa jikoni una kipande cha saruji kilichobomoka upande wa kulia, ile sakafu niliyokataa kuitengeneza, na pale palipomkwaza miaka yote sasa palimwambia amefika. Aliwatambua watu kwa namna wanavyofungua geti. Kibanda cha mboga, kanisa, mama wa maziwa ambaye ni mke wa jirani, kote alifika kwa fimbo na kwa kuita majina. Nyumba ile ya kupita ilikuwa imemwingia mwilini.

Mimi nilikuwa nafunga mizigo.

Jirani alinikuta nikipigilia misumari kwenye sanduku la vyombo. Alisimama akiegemea fimbo.

"Kwa hivyo ile safari imefika."

"Imefika. Mwaka huu tunaenda."

"Na nani amekwenda kuona?"

"Kuona nini? Nyumba ni yangu, nimeijenga mimi."

"Sisi, kabla ya kuhamisha ng'ombe, mtu hutangulia. Anatembea hata siku mbili, anaangalia nyasi na macho yake, anaonja maji, anarudi anatuambia. Hata kama ni mahali tulilisha mwaka jana. Hatuhami kwa kukumbuka tu." Alimtazama mke wangu aliyekuwa akianika nguo, akipapasa kamba. "Huyu ndiye ng'ombe yako. Peleka yeye aonje maji kwanza."

Mke wangu alisikia. "Leo nimekuwa ng'ombe?" aliuliza.

"Ng'ombe ya maziwa, mama," alijibu jirani. "Hakuna heshima inapita hiyo."

Alicheka. Ilikuwa muda mrefu sijamsikia akicheka.

Nilimpeleka Desemba kwa majuma mawili. Nyumba ilikuwa nzuri, nataka niseme hivyo. Sebule kubwa, viti bado vina nailoni ya dukani, madirisha yale yameingiza mwanga hadi ukutani. Siku ya kwanza alijigonga goti kwenye meza ya kioo. Siku ya pili alitoka kwenda chooni peke yake, nami nikamkuta nyuma ya zizi la jirani, amesimama, mkono mmoja mbele, hajui pa kugeukia na hataki kupiga kelele. Gauni lilikuwa limelowa. Baada ya hapo alikaa kwenye kiti kimoja. Asubuhi nilimketisha hapo, jioni nikamwondoa. Veranda ilikuwepo, viti viwili vilikuwepo, na mzee na mke wake walikuwa wameketi. Picha yangu yote ilikuwa imetimia. Alikuwa akikunja na kukunjua upindo wa leso, na mara moja aliniuliza kama ni mchana bado.

Tuliporudi Kitengela alishuka getini, akaachia mkono wangu, akaenda moja kwa moja jikoni. Nilisikia anawasha jiko, anachukua sufuria ya chai bila kupapasa.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilikodisha lori la mwezi wa Aprili.

Nimejichunguza sana kwa nini. Si kwamba sikuona alivyoteseka. Niliona. Lakini kama hatungehama, basi madirisha yale yalikuwa ya nini? Jumamosi ile ilikuwa ya nini? Nilikuwa nimetoa macho yake nikapata nyumba, na nyumba isipokaliwa, nitakuwa nimeyatoa bure. Kwa hiyo nilitaka akae ndani yake hata kama ni gizani, ili iwe kwamba sikukosea. Hivyo ndivyo mtu anavyoweza kulinda kosa lake hadi lizae kosa la pili.

Binti yetu anaishi upande wa Rongai, Laiser Hill. Aliposikia habari za lori alikuja siku hiyohiyo, adhuhuri, hata begi hakuweka chini.

"Baba, mama atajuaje choo kiko wapi?"

"Atazoea. Hapa alizoea."

"Hapa alizoea akiwa anaona! Unataka aanze kusoma nyumba upya na miaka yake?"

"Mtoto, hapa si kwetu."

"Kwenu ni wapi, baba? Mimi nimezaliwa hapa. Mama amekaa hapa kuliko mahali pengine popote. Ni wewe tu hujafika."

Nilipandisha sauti. Nilisema mambo ya baba na mababu, na makaburi, na kwamba sitazeeka kwenye ploti ya vumbi nikizungukwa na wapangaji. Binti alikuwa akilia kwa hasira. Kisha mke wangu, aliyekuwa ameketi juu ya sanduku akikunja mashuka, alisema:

"Muache baba yako. Nitaenda."

"Mama!"

"Nitaenda. Macho niliyaharibu mwenyewe kwa uzembe. Kila mtu alienda ile kambi isipokuwa mimi. Sasa nimharibie na nyumba yake pia? Amejenga maisha yake yote. Si haki."

Aliendelea kukunja. Alikuwa akiifanya shuka iwe mraba kamili, kona juu ya kona, kwa vidole.

Nimepima malori mengi. Huwa kuna lori ambalo dereva analijua limezidi uzito, na ukimtazama usoni unamwona anajaribu kutazama pengine. Nilikuwa nimefanya hivyo miaka mingi ndani ya nyumba yangu. Nilimwona mke wangu akikubali kwenda kukaa gizani mahali asipopajua, na anakubali kwa sababu ya hatia, na hatia hiyo ilikuwa yangu. Alikuwa ameibeba tangu Kajiado, hata kabla ya hapo, nami nilikuwa nikitembea kando yake mikono mitupu.

"Kambi haikuahirishwa," nilisema.

Vidole vilisimama.

"Sikukutana na katibu. Nilikudanganya. Karatasi ilisema Jumamosi, na ilikuwa Jumamosi. Nilitaka kupeleka madirisha."

Binti yangu alinitazama namna ambayo sijaisahau. Kisha akamtazama mama yake.

"Siku hiyo nilikuwa napikia mafundi," mke wangu alisema.

"Ndiyo."

"Ukaniita niguse kioo."

"Nilikuita uone."

"Mimi niligusa." Aliilaza shuka magotini. "Na nilikuwa nimepiga pasi gauni."

"Ndiyo."

Nje, kwenye ploti iliyokuwa ikijengwa, fundi wa mawe alikuwa akigonga jiwe, nyundo yake ikija kwa mpangilio. Nilingoja alie, au anitukane. Nilikuwa tayari kwa matusi, nadhani niliyataka. Aliweka shuka juu ya sanduku, kando yake, akaipapasa kuhakikisha haitaanguka.

"Mwambie mwenye lori asije," alisema.

Siku zilizofuata alizungumza nami kuhusu chumvi, na maji, na kama geti limefungwa. Binti yetu hakunipigia simu mpaka mvua zilipokwisha. Jambo moja lilibadilika na halijarudi: mke wangu haushiki tena mkono wangu. Tukienda kanisani hutembea hatua moja mbele, fimbo yake ikigonga, na pale pa kuvuka barabara humwita mwanamke yeyote aliye karibu. Nami husimama hapo, mwanamume mzima mwenye macho mawili.

Nilimwambia nitamjengea kibaraza.

"Usinijengee kitu cha kujiosha nacho hatia," alisema. "Kibaraza nilikitaka nikiwa naona. Saa hii mbele yake kuna nini?"

Nilianza kusema kwamba bado kuna upepo mzuri, na kwamba upande ule, kwa mbali—

"Sema kilichopo."

"Ghorofa. Nguo zimeanikwa. Kuna mtu amefuga kuku kwenye roshani."

"Pundamilia?"

"Hakuna. Siku nyingi."

Aliitikia kwa kichwa, kana kwamba hilo angalau ni jibu. Kisha akasema: "Hizo nondo za juu. Kama hazina kazi, nitengenezee kitu cha kushika kutoka jikoni mpaka chooni. Mvua ikinyesha huu udongo mweusi unateleza."

Fundi alipanda na mashine ya kukatia chuma. Cheche ziliruka, na jirani yangu Mmaasai alisimama getini kutazama, safari hii hakufanya mzaha. Alipoona ya mwisho imelala chini alisema tu, "Sasa umeshuka." Zilichomelewa zikawa reli, urefu wa kiuno cha mke wangu. Kutu ilisuguliwa, zikapakwa rangi. Hata sakafu ya jikoni nilitaka kuitengeneza, lakini alinikataza. Pale palipobomoka anapatumia.

Nyumba ya magharibi bado ipo. Mtoto wa ndugu yangu hufungua madirisha mara moja kwa mwezi. Tutaitumia siku jeneza litakapolala humo, langu au lake, na watu watasifu vioo.

Kila baada ya miezi michache tunakwenda Kajiado kuchukua matone. Daktari huandika tarehe ya kurudi kwenye kadi. Tukifika nyumbani mke wangu hunipa kadi nimsomee, nami humsomea siku na mwezi, polepole, nikiiweka karibu na dirisha. Hunisikiliza hadi mwisho. Kisha hunyoosha mkono, huichukua, na asubuhi mama wa maziwa akija humpa naye amsomee.

Mimi huwa nimekaa palepale, na kikombe changu. Tarehe huwa ni ileile. Mke wangu huiweka kadi kifuani, anashika reli, anaendelea na kazi zake.